Amerika Ilisema Hakuzaliwa

Nyayo zile zilikaa ukutani kwangu miaka mingi kuliko ndoa za watu kadhaa ninaowajua. Nyayo mbili za mtoto mchanga, za wino mweusi, zimepigwa juu ya karatasi nene yenye maua pembeni, na chini yake muhuri wa dhahabu unaong'aa. Fremu niliinunua mimi mwenyewe kwenye soko la Jumapili la Gare du Midi, nikaitundika sebuleni kwangu Koekelberg, hapa Brussels, karibu na dirisha linalotazama kichwa cha kijani cha Basilika. Mgeni akiingia, kabla sijampa kiti nilimwonyesha nyayo.

"Binti yetu alizaliwa Amerika. Cheti ndicho hiki."

Hakuna aliyebisha. Nani angebisha? Kulikuwa na dhahabu.

Aliyekuja kubisha ni mwanamke wa commune, ofisi ya serikali ya mtaa, mwanzoni mwa miaka ile ya elfu mbili na kumi, binti alipotaka kuolewa.

Binti mwenyewe ni wa ndugu yangu. Ndugu yangu alipata bursi miaka ya themanini, akaenda kusoma katikati ya Amerika, mahali ambapo, kwa barua zake, kuna mahindi tangu mlangoni hadi mbinguni na hakuna hata mtu mmoja anayejua kusonga bukari, ugali wetu. Mkewe akazaa huko mapasa, mvulana na msichana. Wakarudi Lubumbashi watoto hawajaota meno, wameandikwa ndani ya pasipoti ya mama yao. Kisha Mungu akawaita wazazi wote wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Mvulana akabaki kwa mjomba wake. Msichana nikaja naye mimi Brussels. Fremu ni ya nyayo za msichana; karatasi ya kaka yake ililiwa na mchwa, dhahabu na yote.

Sasa, kwetu sisi Waluba, dada ya baba si mtu wa kuleta zawadi Noeli na kwenda zake. Ni baba mwanamke. Ndivyo anavyoitwa na ndivyo anavyofanya kazi. Baba akifa, baba yupo bado. Amevaa kikwembe cha wanawake, basi. Ninalisema mapema kwa sababu huko mbele kuna watu watakaojifanya hawaelewi.

Na mimi ni nani? Mimi nilisoma kwa masista hadi darasa la tatu, na hilo la tatu nililisoma nikiwa mlangoni, ninauza beignets, maandazi ya mama yangu. Nilipofika hapa nilisuka nywele, nikapiga deki ofisi za watu, kisha nikafungua duka langu: makayabu, yaani samaki wa chumvi, majani ya pondu na ya fumbwa, mafuta ya mawese. Sikupewa na mtu. Leo wenye diploma wanapanga mstari mbele yangu na mimi ndiye ninayesema nani anafuata.

Kwa hiyo niliingia commune na fremu yangu chini ya kwapa kama mtu anayeingia kwake. Binti alikuwa nyuma yangu, na mchumba wake, kijana mpole wa Bukavu, muuguzi kwenye nyumba ya wazee. Mwanamke wa commune alivaa miwani, akaangalia nyayo, akavua miwani.

"Madame, hii ni zawadi. Hospitali inawapa wazazi kwa ukumbusho. Mimi nahitaji nakala ya daftari la vizazi, mpya, kutoka mahali alipozaliwa, na muhuri wa jimbo juu yake."

"Na dhahabu hii?"

"Ni stika, madame." Akaikwangua na ukucha, kidogo tu. Dhahabu ikainuka pembeni.

Miaka yote ile nilikuwa naifuta vumbi kwa uangalifu.

Kikaratasi cha Lubumbashi kilichosema tu kwamba mtoto amezaliwa Amerika kilikuwa kimetosha shule, kikatosha kazi. Kwa ndoa kilishindwa. Bila cheti hakuna tarehe ya ndoa, alisema yule mwanamke, na akaturudishia fremu yetu kwa kidole kimoja.

Lingekuwa jambo la kungoja tu, tungengoja. Lakini mama ya mchumba alikuwa ameshafika kutoka Bukavu. Kijana ni mtoto wake wa pekee. Alikuwa amepata visa ya miezi mitatu, baada ya kunyimwa mara mbili, na alilala kwa mwanawe, mtaa wa jirani wa Ganshoren, akihesabu siku kama mtu anayehesabu mayai. Aliniambia siku ya kwanza tu, kabla hata ya kunywa maji:

"Mama, mi nilikuya kuona mutoto wangu anaoa. Visa ingine habatanipa. Nikirudia bila kuona, nitawaambia nini batu ba kule? Kama nilikuya kuangalia baridi?"

Hapo alikuwa na haki, ninakubali. Mengine yote hakuwa na haki. Alikula bukari yangu ya mahindi, akasema ni nyeupe sana, kama chakula cha wagonjwa. Nikamwambia bugali yao ya muhogo inavutika kama raba ya gari, sisi kwetu tunabandikia viatu. Akasema watu wa Lubumbashi wana maneno mengi kwa sababu mgodi umewatoboa vichwa. Tukapendana hivyo.

Kazi ya kutafuta cheti akaichukua mchumba, kwa kuwa ana kompyuta. Alitueleza kwamba Amerika kila jimbo limekatwa vipande vinavyoitwa kaunti, na kila kaunti ina ofisi yake na makabati yake. Unaandika kwenye kaunti alikozaliwa mtoto, unataja jina, siku, jina la baba, jina la mama kabla hajaolewa, unatia kopi ya kitambulisho, unalipa, unakaa. Juu ya karatasi ya nyayo hospitali iliandikwa kwa jina la mtakatifu tu, na watakatifu kule wako kila kona kama hapa. Lakini barua zote za ndugu yangu zilitoka mji mmoja, wa chuo kikuu chake. Kijana akaandika kwenye kaunti ya mji ule. Aliandika vizuri, kwa Kiingereza safi, na binti akatia saini yake.

Jibu tulilifungua siku ya Jumapili kwenye kompyuta, tumekaa wote mezani kwangu. Kijana alisoma, akasoma tena.

"Banasema habana mutoto wa jina hiyo. Siku ile, mwaka ule, hakuna."

Mama yake aliweka kijiko chini polepole. Nilimwona anavyofurahi.

"Alors, Amerika inasema hakuzaliwa," akasema. "Bon. Mi nilikuya kuoa nani?"

"Ulikuya kuoa huyu anayekuletea supu," nikamjibu. "Kula."

Lakini binti aliinuka akaenda jikoni, na maji ya bomba yakatiririka muda mrefu bila kuosha kitu. Hapo ndipo niliposema kompyuta imetosha. Kesho yake tutapiga simu.

Tulipiga kutoka dukani, mchana, saa ambayo kule wanaamka. Binti alishika simu, akaiweka sauti ya nje juu ya mzani wa samaki. Wateja nao hawakuondoka. Kulikuwa na tonton mmoja, mzee wa mtaa, aliyekuja kununua makayabu ya kesho; alivuta gunia la unga wa fufu akakaa.

"Umusalimie kwanza," nikamwambia binti.

"Tantine, kule habasalimianake ku telefone ya bureau."

"Wewe umusalimie. Na umuulize batoto."

Alimsalimia, bila watoto. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mwanamke mzima, nzito, taratibu, kama mtu mwenye peremende mdomoni. Nilimpenda papo hapo. Aliuliza siku, akauliza majina. Tukasikia akipiga vidole kwenye mashine. Kisha akasema kitu, binti akanigeukia.

"Anasema hakuna, kama walivyotuandikia. Na anauliza ni nani anaomba."

"Mwambie ni baba."

"Tantine, hapana."

"Mi njo baba yako ao hapana?"

"Ni weye. Lakini kule..."

"Kule nini? Kule damu inageuka?"

Tonton wa makayabu akapiga magoti yake. "Ye njo baba! Sema, mutoto!"

Binti hakusema. Basi niliinama mwenyewe juu ya mzani. Kwa Kiingereza ninalijua neno la baba, kwa sababu kanisa la Wanaijeria liko nyuma ya duka langu na wanaliimba kila Ijumaa mpaka chupa zinatikisika. Nikalisema kwa sauti, mara mbili, nikajigonga kifua, ijapokuwa simu haina macho.

Halafu mwanamke akasema jambo fupi.

"Anasema sauti yako ni ya mwanamuke," binti akatafsiri, uso mikononi.

"Mwambie na yake vilevile. Mwambie pia ninataka karatasi mbili."

"Mbili za nini? Niko mumoja."

"Na kaka yako?"

Binti akanitazama kama nimeleta habari mpya. Hapo nikaelewa. Walikuwa wameomba cheti cha mmoja! Mapasa! Mapasa hawatengwi. Ukimnunulia mmoja viatu, mwingine naye ananunuliwa. Ukimsalimia huyu, unamsalimia na yule, hata kama yuko Lubumbashi na hakusikii. Usipofanya hivyo, mmoja atashikwa na homa na utajua ni wewe. Maisha yangu yote, nikimnunulia msichana koti la baridi, nilimtumia kaka yake koti, na Lubumbashi hakuna baridi ya koti. Alilivaa. Halafu hawa wawili, na shule zao, wanaenda kuomba kuzaliwa kwa mmoja kana kwamba alilala tumboni peke yake!

"Tafsiri," nikasema. "Mbili. Mutu na ndugu yake. Walitoka siku moja."

Akatafsiri. Yule mwanamke wa Amerika akapiga ukelele mdogo, halafu akaanza kuzungumza, na sasa hakuwa taratibu tena. Binti alinyoosha mkono bila kuangalia, tonton akampa kalamu. Aliandika juu ya karatasi ya kufungia samaki. Alipokata simu aliisoma karatasi ile tena.

"Tantine. Anasema kumbe mapasa, mbona hatukusema. Anasema miaka ile hospitali ya mji wao ilikuwa ndogo, mwanamke mwenye mimba ya mapasa hawakumuweka. Walimupeleka ng'ambo ya mto, kwenye hospitali kubwa. Hata dada yake yeye alizalia kule. Na ng'ambo ya mto ni kaunti ingine."

Ndugu yangu hakuwahi kuandika habari ya mto. Wanaume! Mkewe alivushwa mto kwenda kuzaa, yeye barua nzima anaeleza mahindi.

Jioni nilifunga duka mapema na kwenda Ganshoren kwa miguu, ili nifike nikiwa na pumzi ya kusimulia. Nilisimulia mara mbili. Mchumba alisema kwa heshima:

"Maman, ile ilikuwa bahati."

"Ndiyo. Na bahati ilipopiga hodi ilimukuta nani dukani? Darasa la tatu."

Sasa ombi jipya, kwa kaunti ya ng'ambo. Hilo nikasema nitaliomba mimi. Msichana anayejikimbiza mwenyewe na makaratasi ya ndoa yake ni kama anaomba mume sokoni; kwetu ni wazazi wanaokimbia, yeye anakaa anapakwa mafuta. Kijana akachapa fomu. Ilikuwa na visanduku: anayeomba ni nani? Mwenyewe, mama, baba, na wengine ambao sikuwasikiliza. Nikaweka msalaba kwenye kisanduku cha baba, mzito, wa kuonekana. Nikatia saini. Nikaambatanisha kopi ya kitambulisho changu cha Ubelgiji, chenye picha yangu nimevaa kitambaa cha kichwa na hereni, na alama ya kuwa mimi ni mwanamke.

Kijana alifungua mdomo. Mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza. Nilidhani ni heshima. Baadaye nilielewa kwamba alitaka kuona sinema mpaka mwisho.

Bahasha ikarudi. Kijana alitusomea: rekodi wanazo, zote mbili, za mvulana na za msichana. Lakini baba aliyeandikwa siye anayeomba, na kwa hiyo hawawezi kutoa kitu.

Mama wa Bukavu alishika mbavu zake.

"Eh! Mutoto sasa amezaliwa! Ni baba njo hajazaliwa bado!"

Alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea kidogo baada ya kicheko kuisha, na akajifuta na pembe ya kitenge akatazama kalenda iliyotundikwa juu ya friji. Mwezi wa kwanza wa visa yake ulikuwa umekwenda, na wa pili ulikuwa unafuata. Mimi nilikuwa na jibu kali tayari mdomoni. Nililimeza.

Msichana akatia saini yake mwenyewe, kama mwenye kuzaliwa. Nilimruhusu. Yeye anasema hakuniuliza. Kaka yake naye akatia yake Lubumbashi, kwenye cybercafé, akaituma. Vyeti vilikwenda kwanza kugongwa muhuri wa jimbo juu ya muhuri wa kaunti, ndipo vikavuka bahari. Vilifika viwili ndani ya bahasha moja, kama nilivyotaka. Karatasi nyembamba za kijani, hazina maua wala dhahabu.

"Nyayo ziko wapi?" nikauliza.

"Hazina nyayo, Tantine."

"Na hizi ndizo za kweli?"

Mtafsiri aliyeapa mahakamani akazigeuza Kifaransa, nasi tukazipeleka commune, kwa mwanamke yuleyule wa miwani. Safari hii alisoma, akageuza, akagusa mihuri, akasema sawa. Akapokea tangazo la ndoa. Sheria inataka watu wangoje wiki mbili baada ya hapo, hilo tulilijua. Akafungua kalenda yake: tarehe ya kwanza yenye nafasi ilikuwa mbali, baada ya visa ya mama kuisha.

"Hakuna nyingine," akasema. "Watu wengi wanaoana."

Watoto walimsihi. Kijana alieleza habari ya mama yake kwa Kifaransa kizuri sana. Mwanamke alisikitika vizuri sana. Tukatoka.

Kesho yake asubuhi nilirudi bila watoto. Nilikwenda na mama wa Bukavu tu; kila mmoja amevaa kikwembe chake cha sherehe juu ya makoti, kwa kuwa ilikuwa baridi kali. Na kwa kuwa ninafanya biashara, nilikuwa na mfuko wa makayabu wa mteja wangu mmoja anayekaa njia hiyohiyo. Nusu sanduku hivi. Ningeuacha wapi? Tukachukua tikiti ya zamu, tukakaa kwenye viti vilivyo mbele ya meza ya yule mwanamke, nami nikauweka mfuko chini, pale penye nafasi, karibu na radiateur, chuma kinachopasha chumba joto.

Radiateur ilikuwa inafanya kazi vizuri.

"Mama," mwenzangu akaninong'oneza baada ya muda, "samaki yako inaamuka."

"Iache iamuke. Iko na haki yake."

"Nyumba nzima itanuka."

"Si ulisema ulikuya kuangalia baridi? Angalia baridi, uniache na samaki."

Zamu yetu ilipoitwa tulisema tunataka tarehe. Akasema hakuna. Tukasema tutangoja, labda mtu ataghairi. Tukarudi kukaa. Hatukugombana na mtu, hatukupandisha sauti. Mama wa Bukavu alitoa rozari yake. Mimi nilisinzia kidogo. Watu walioingia walisimama mlangoni kwanza, wakavuta pumzi, wakaangaliana. Kijana mmoja wa ofisi alifungua dirisha, baridi ikaingia, wakalifunga. Mwanamke wa miwani alianza kusema na watu akiwa ameweka kitambaa puani. Kabla ya saa sita alitupungia mkono yeye mwenyewe, bila tikiti.

Kulikuwa na watu walioahirisha, akasema. Jumanne moja, asubuhi mapema, saa ambayo kwa kawaida hakuna anayeitaka. Wiki ya mwisho ya visa.

"Tunaitaka," tukasema pamoja.

"Na mfuko ule, madame?"

"Tunaondoka nao," nikasema. "Ni wa mtu."

Jumanne ile chumba cha ndoa kilikuwa na watu wachache, wamevaa kama ni wengi. Bwana wa commune alivaa mshipi wa rangi tatu. Mbele waliweka viti vinne: viwili vya wazazi wa bwana, viwili vya wazazi wa bibi. Mama wa Bukavu akakaa kwenye kimoja cha upande wake, mkoba wake ukakaa kwenye kingine, kwa mumewe aliyekwisha kufa. Upande wetu vilikuwa vitupu vyote viwili. Mwanamke wa miwani aliyekuwa akipanga watu akauliza, kwa upole kabisa, akiangalia huku na huku:

"Baba wa bibi arusi yupo?"

Miguu yangu, inayojulikana Koekelberg nzima kwa kutosubiri ruhusa, ilikataa. Bahasha ile iliyorudi ilikuwa imeniingia mahali fulani bila mimi kujua. Nilibaki nyuma, kwenye safu ya wageni, nikarekebisha kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa na kosa.

Mama wa Bukavu aligeuka kwenye kiti chake. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Eh, papa!" akaita, sauti ikajaa chumba. "Banakuita. Unangoja cheti?"

Wakacheka wote, hata bwana wa mshipi, ambaye hakuelewa. Nilipita mbele na nikakaa. Nilikaa kwenye kiti cha baba. Kile cha mama nikaweka fremu.

Mama wa Bukavu alisafiri siku tatu baadaye. Nilimpeleka mimi uwanja wa ndege, kwa kuwa watoto walikuwa wanalia na mtu anayelia hafai kubeba mizigo. Mbele ya mlango wa polisi alinivuta pembeni.

"Zile nyayo," akasema. "Unipe. Hata kopi. Niwaonyeshe batu ba Bukavu."

"Tuma ombi," nikamwambia. "Utie kopi ya kitambulisho. Kisha uweke msalaba kwenye kisanduku kinachokuhusu."

"Kisanduku gani? Si mama, si baba."

"Hiyo ni kazi yako kutafuta."

Alifikiri, pasipoti mkononi, watu wanampita.

"Nitaweka kwenye bwana," akasema. "Si mi njo nilikuya kuoa?"

Akaingia bila kugeuka, anatikisika mabega kwa kicheko. Sikumwambia kwamba kopi alikuwa nayo tayari, niliificha mimi ndani ya valizi yake, chini kabisa, imeviringishwa kwenye plastiki kati ya makayabu mawili makubwa. Alikuwa amekataa makayabu yangu. Alisema yananuka.